Mzee Stempu na Pikipiki Iliyokuwa Yake

Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa nimekaa ukingoni mwa mzunguko wa barabara, mnyororo wa pikipiki mapajani kama nyoka aliyekanyagwa, na madereva wakinipigia honi kana kwamba nimeukata kwa meno.

Nilifika nyumbani. Kwa miguu, nikisukuma, lakini nilifika.

Kwa msomaji aliyetukuta njiani, nitasema kwa ufupi. Kazi yangu ni kupiga picha za eksirei. Asubuhi niko kliniki ya mjini, alasiri niko kliniki nyingine nje kidogo ya mji, na kati ya hizo mbili hakuna basi la moja kwa moja. Ndiyo sababu nilinunua pikipiki iliyokwisha tumika. Tena si pikipiki ya adabu. Ni ile ya mbio, isiyovishwa kava hata moja: injini nje, mabomba nje, nyaya nje. Dada yangu alipoiona siku ya kwanza aliizunguka, akasema, "Mdogo wangu, hii mbona iko uchi? Itafutie hata shuka."

Tangu hapo imeniangusha mbele ya foleni ya wagonjwa, betri imenifia kwenye mvua, na plagi zimegoma asubuhi ileile niliyoitwa na mkubwa wangu wa kazi. Mmeyasoma hayo yote na mmenicheka. Mlikuwa na haki. Hata mimi nilicheka.

Ya wiki hii sijaweza kuyacheka.

Aliyeniuzia ni Mzee Stempu. Alifanya kazi posta tangu ujana, nyuma ya dirisha, akigonga mihuri kwenye bahasha za watu, na jina hilo limemganda mpaka leo. Alipostaafu akainunua pikipiki aliyokuwa akiiota miaka yote. Wanawe wakaja juu. Akatia pamba masikioni. Kisha mikono ikaanza kumtetemeka, na hapo hata pamba haikusaidia.

Siku ya kuuziana tulikuwa watu watatu tu uani kwake: yeye, mkewe na mimi. Nikalipa taslimu, mkewe akanipa ufunguo na glasi ya maji. Nikauliza habari ya kadi, kwa sababu kadi ya pikipiki ndiyo inayosema mwenye mali ni nani.

Mzee alikuwa ameishika ile kadi kwa mikono miwili.

"Binti yangu, acha jina langu likae humu kidogo," akasema. "Kulifuta leo leo naona kama mnanizika nikiwa macho."

Mtu mwenye akili zake angejibu kwamba biashara ni biashara. Mimi nilijibu, "Hakuna shida, mzee." Hayo ndiyo maneno yangu. Nikifa mnaweza kuyaandika juu ya kaburi.

"Na jambo jingine," akasema. "Wanangu wasijue kwanza kwamba nimeiuza. Wamenipigia kelele mno kwa ajili ya pikipiki hii. Wakijua, watadhani wameshinda."

"Hakuna shida, mzee."

Kadi ikarudi mfukoni mwake. Mimi nikaondoka na pikipiki.

Basi ikawa kila Jumamosi asubuhi, siku ambayo zamu yangu ni ya alasiri tu, anakuja. Anakuja na mswaki mkuukuu, kitambaa, na kopo la mafuta ya taa, anachuchumaa uani kwetu na kuusugua mnyororo pingili kwa pingili. Kwanza anaisalimia pikipiki, ndipo ananisalimia mimi. Dada akimwona langoni huniita kwa jina alilonipa kwa ukimya wangu, "Bubu, mkweo kaja."

Akimaliza kusafisha, anakaza. Hapo ndipo penye tatizo. Mnyororo wa pikipiki hautaki kukazwa kupita kiasi. Ukiusukuma kwa kidole lazima ucheze kidogo, maana gurudumu la nyuma hupanda na kushuka barabarani na linahitaji nafasi. Mzee Stempu anaijua kanuni hiyo kuliko mimi. Ila kidole chake kinatetemeka siku hizi, na yeye hakiamini tena, basi anakaza na kukaza mpaka mnyororo unakuwa kama uzi wa gitaa.

Kumwambia nilishindwa. Ningemwambiaje? Akiwa pale chini kwenye gurudumu, uso wake huwa uso wa mtoto anayechezea tope. Kwa hiyo nilikuwa nangoja aende zake, nachukua spana, naulegeza. Yeye anakaza, mimi nalegeza, na hakuna moyo uliovunjika.

Jumamosi iliyopita aliondoka wakati nimeshachelewa kazini. Nikajisemea, nitalegeza nikirudi. Mnyororo haukunisubiri nirudi. Ulikatikia palepale mzungukoni, na kama ungejisokota kwenye gurudumu, habari hii mngekuwa mnaisoma kwa kalamu ya mtu mwingine.

Dada ni msusi na mdomo wake haujui kulala. Alipoisikia sababu ya kweli, Jumamosi hii asubuhi, alikiweka kitana chini.

"Yaani siku zote hizi unalegeza kwa siri?"

"Sikutaka kumuumiza."

"Na yeye akikuumiza? Au mpaka uletwe kupigwa picha kwenye mashine yako mwenyewe?"

Nikamrudishia kitana chake.

"Leo akija unamwambia. Haya, tufanye mazoezi. Mimi ndiye Mzee Stempu." Akachuchumaa katikati ya chumba, akachukua mswaki wake wa meno na kuanza kuusugua mguu wa kiti. "Hujambo, mrembo wangu? Si wewe, binti. Naisalimia pikipiki."

"Mzee," nikasema.

"Sisikii. Masikio haya ya uzeeni."

"Mzee, nashukuru sana, lakini…"

"Lakini peke yake haifiki mahali. Endelea."

"Lakini kuanzia leo nitaitunza mwenyewe. Hii pikipiki sasa ni yangu."

"Rudia."

Nilirudia mpaka akaridhika. Akainuka akijishika mgongo.

"Ukifika hapo kwenye 'ni yangu' usitazame chini," akaniasa. "Ukitazama chini atadhani unaongea na viatu."

Mzee akaja saa zake zilezile. Fundi alikuwa ameshafunga mnyororo mpya, unang'aa kama bangili. Mzee akauangalia kwa muda mrefu.

"Nani kaubadilisha?"

"Ule ulikatika, mzee."

"Ulikatikaje? Mimi niliukaza vizuri."

"Ndiyo, mzee. Uliukaza vizuri."

Akachuchumaa, akachovya mswaki kwenye mafuta ya taa, akaanza. Mnyororo mpya kabisa, hauna hata doa, na yeye anausugua. Nyuma yake, kwenye dirisha, dada alikuwa amefungua pazia na ananielekezea kitana kama mwalimu mwenye fimbo.

Nikavuta pumzi. Kazini huwa nawaambia wagonjwa wavute pumzi, waishikilie, kisha waachie. Niliishikilia mpaka kichwa kikawa chepesi.

"Mzee, nashukuru sana, lakini kuanzia leo nitaitunza mwenyewe. Hii pikipiki sasa ni yangu."

Sikutazama chini.

Mswaki ukasimama.

"Yako?"

"Ndiyo, mzee."

"Yako tangu lini?"

Nikajua nimemkera. Nikaanza kuomba radhi, kwamba sikuwa na maana mbaya, kwamba anakaribishwa siku yoyote hata bila kazi, aje tu akae. Akanyanyua mkono kunizuia.

"Binti, nakuuliza kwa wema. Pikipiki yangu umeitoa wapi?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilidhani ni mzaha. Mzee huyu hutania, siku moja alimwambia dada kwamba ekzosi ya pikipiki inaimba vizuri kumshinda.

Yeye hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyerudi kwake akamkuta mgeni amelala kitandani mwake.

"Mzee, ni mimi," nikasema. "Yule binti wa eksirei. Uliniuzia."

"Sijauza kitu. Na wewe sikujui."

Akasimama. Akautia mswaki kwenye mfuko wa shati, ukiwa bado unachuruzika mafuta ya taa, doa likaanza kutanda kifuani. Akanikumbusha kwa upole kwamba mimi ni mtoto wa watu, kwamba kijana akikosea husamehewa akirudisha, na kwamba yeye sasa anakwenda kuwaita wenye kazi yao. Kisha akatoka langoni, mgongo umenyooka.

Dada alitoka ndani mbio.

"Umemwambia nini?"

"Ulichonifundisha."

"Mimi nilikufundisha kumkataza. Huyu mbona anakwenda kama anayefuata jeneza?"

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Tulikuwa bado tunatazamana alipoingia mke wa mzee, anahema, kilemba kimelegea. Alikuwa amegeuka kidogo tu jikoni, na mume akatoweka.

"Amekuja huku?" akauliza.

Nikamweleza. Nilipofika kwenye "sikujui", akatafuta kizingiti cha mlango kwa mkono na kukaa.

"Kumbe jambo lenyewe limefika nje," akasema.

"Lipi, mama?" dada akamuuliza.

"Lilianza na majina ya wajukuu. Nikasema uzee. Halafu siku moja nimesimama mbele yake na sahani ya chakula, akaniuliza, mke wangu yuko wapi?"

Dada akachuchumaa mbele yake. Akauliza, "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia anakuja sasa hivi. Nikaenda jikoni, nikarudi."

Alilisema hilo kama mtu anayeeleza namna ya kufungua kopo. Mimi machozi yalikuwa yameshafika.

"Wanao wanajua?" nikauliza.

"Wakijua ndio mwisho wetu. Mwanangu mkubwa amekwisha kusema: baba akipotea siku moja tu, akizua jambo moja tu, anamchukua akaishi naye, mji mwingine kabisa. Kule kwake nafasi ni ya mtu mmoja. Mimi nitakwenda kwa dada yake, binti yangu. Wameshatugawana, mwanangu. Kama mbuzi wa urithi, huyu wako, huyu wangu." Akakifunga kilemba chake, kikalegea tena. "Si watoto wabaya. Wanatupenda. Ila akiwa kule, siku atakaponiulizia, nani ataenda jikoni kisha arudi?"

Akanishika mkono.

"Nakuomba jambo moja. Polisi wakikuita, usiseme amesahau. Neno hilo lisitoke. Nitakuja mwenyewe, nitasema tuliuziana, nitasema amekasirika kwa sababu umemkataza kuigusa, na wazee wakikasirika husema lolote. Mimi ndiye shahidi. Nikisema mimi, watacheka, yataisha."

"Hakuna shida, mama," nikasema.

Dada akanikata jicho. Lakini na yeye alikuwa anafuta macho.

Askari hakukawia. Alikuwa kijana mrefu, na kwanza alisahau kilichomleta, akachuchumaa kuitazama injini.

"Hii inakimbia kweli," akasema. Kisha akakumbuka kazi. "Nani mwenye pikipiki hii?"

"Leo usiulize swali hilo nyumba hii," dada akamjibu.

Tukaambiwa tufike kituoni na pikipiki. Kituo kiko mwisho wa barabara yetu. Dada alitaka kuja, lakini mteja wake alikuwa ameketi ndani kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama kichaka. Nikamwambia abaki. Nilisema mama yupo, yataisha. Nikaisukuma pikipiki, sikuthubutu kuipanda mbele ya askari, na mke wa mzee akatembea upande wangu akiwa ameshika kiti cha nyuma, kama tunapeleka ng'ombe mnadani.

Njiani aliniuliza kama nina mchumba. Nikasema sina. Akasema nisiwe na haraka, ila nikimpata niangalie kwanza kama ana subira na vitu vinavyoharibika.

Tukaiegesha chini ya dirisha la kituo. Tulipoingia, hatua za mama zikakatika.

Mzee Stempu alikuwa ameketi kwenye benchi, doa la mafuta ya taa limetapakaa kifuani. Mbele yake alikuwa amepiga magoti mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, anamfunga kamba za kiatu.

"Mama," yule mwanamume akasema, akainuka. "Nilikuwa mjini kwa shughuli zangu. Walipomuuliza baba ana nani karibu, akanitaja mimi, wakanipigia simu. Pikipiki imeibwa lini? Mbona hamkuniambia?"

Huyo ndiye mwana mkubwa. Nilikuwa nimemchora kichwani kama mtu mkali. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala vizuri, na mkono wake mmoja haukuacha bega la baba yake hata kidogo.

Nyuma ya meza alikuwepo sajini, mama wa makamo mwenye mafua, leso mkononi na kalamu mkono wa pili.

"Vizuri, wenyewe wamefika," akasema. "Mzee anasema pikipiki yake imeibwa. Kadi anayo, jina ni lake, nimeliona mwenyewe. Na pikipiki imekutwa kwa huyu binti. Binti, unasemaje?"

"Niliinunua."

"Ongeza sauti, mwanangu. Mafua yameniziba masikio."

"Niliinunua, afande. Kwa mzee mwenyewe."

"Karatasi ya mauziano iko wapi?"

"Hatukuandika."

Sajini akapiga chafya, akaniangalia juu ya leso kwa huruma ambayo sikuipenda.

"Umesoma wewe?"

"Nimesoma chuo, afande."

"Na hukuandika. Shahidi je?"

Nikamgeukia mama. Huo ndio wakati tuliokuwa tumeupanga. Nilimwona akivuta pumzi.

Mwanawe akawahi.

"Samahani, afande. Kama waliuza, baba angejua. Mtu hawezi kuuza pikipiki anayoipenda vile halafu akasahau…"

Neno hilo likamkwama mwenyewe. Akaligeuza kichwani, nikamwona akiligeuza. Akamtazama baba yake, akaliona doa la shati, akauona mswaki unaochungulia mfukoni. Akashusha sauti, akawa anaongea na mama yake peke yake.

"Mama. Niambie kweli. Mliiuza?"

Hapo nikaelewa kwamba mpango wetu umekufa. Tulikuwa tumeupanga kwa ajili ya polisi, hatukuupanga kwa ajili ya mtoto. Polisi angemwamini mama kwamba mzee ana hasira tu. Huyu alikuwa anamjua baba yake. Akisikia "tuliiuza", hataona hasira, ataona kilichopo. Jioni hiyohiyo mzee angekuwa ndani ya gari lake. Ukitaka mzee abaki mwenye akili timamu mbele ya mwanawe, njia ilikuwa moja tu: pikipiki iwe imeibwa kweli.

Mama alikuwa ameliona hilo kabla yangu.

"Hatujauza kitu," akasema.

"Na huyu binti?" sajini akauliza. "Mmeingia pamoja."

"Tumekutana hapo mlangoni." Vidole vyake vilikuwa vinavuta ncha ya kilemba. Akanitazama mara moja tu, na kama mtu angenipa hukumu yoyote siku ile, isingenichoma kama jicho lile. "Simjui. Sijapata kumwona."

Nje mtu alikuwa anaisifu pikipiki, nadhani ni yule askari.

Nilisubiri hasira ije. Nilitaka ije. Hasira ndiyo inayowafungua watu midomo, na mimi siku hiyo nilikuwa na kila sababu. Badala yake nilimwona mwanamke amesimama na sahani ya chakula mkononi, anaulizwa alipo.

"Binti," sajini akasema, na safari hii aliweka leso chini. "Uliichukua?"

Ningeweza kusema muiteni dada yangu. Ningeweza kusema muulizeni fundi aliyefunga mnyororo. Nikajibu jambo ambalo hata mimi sikulisikia.

"Sikusikia. Sema tena."

"Ndiyo, afande," nikasema. "Niliichukua."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kusema jambo kwa sauti ya kutosha mbele ya watu, nalo lilikuwa uongo.

Mama alifumba macho. Mwanawe alishusha pumzi ndefu, mabega yote yakateremka, na nikaona kwamba hakufurahi kumpata mwizi. Alifurahi kumpata baba yake.

"Nisamehe, baba," akamwambia. "Kwa dakika moja nilidhani…" Hakumaliza. Akamkumbatia kichwa.

"Ufunguo," sajini akaniambia.

Nikautoa, nikauweka mezani. Akaanza kuandika, pole pole, akinong'ona maneno anayoyaandika. Akaniambia nivue saa na mkanda, nikae benchi la upande wa pili. Nilifikiria kliniki ya alasiri, wagonjwa waliopangwa kwenye kiti kirefu, na mkubwa wangu akiulizia niko wapi. Nikavua saa. Mkanda ukanikatalia.

Mzee Stempu muda wote huo alikuwa anaitazama pikipiki dirishani. Sasa akageuka, akaniangalia nikipambana na mkanda. Akaangalia ufunguo mezani. Akainuka.

"Kuna nini hapa?" akauliza. "Mbona mnamnyang'anya mtoto ufunguo wake?"

Mwanawe akamshika mkono.

"Kaa, baba," mwanawe akasema. "Yameshakwisha. Amekiri."

"Amekiri nini? Huyu ni binti wa eksirei. Pikipiki nilimuuzia mimi, pale uani kwetu, mama yako akampa ufunguo na glasi ya maji." Alikuwa ananitambulisha kwa mwanawe kama mgeni wa heshima. Kisha akacheka kidogo, kwa haya. "Sikutaka mjue. Mngesema mmeshinda."

Kalamu ya sajini ikasimama.

"Mzee," akasema taratibu, "basi ni nani aliyekuja hapa asubuhi kuniambia imeibwa?"

"Imeibwa?" Mzee akamgeukia mkewe, amekunja uso, anataka msaada kama anavyoutaka kila siku. "Ya nani imeibwa, mama?"

Mkewe akakivuta kilemba mpaka machoni.

Sajini akamtazama mama, kisha akanitazama mimi, kisha akaitazama karatasi yake yenye maneno ya watu watatu yasiyokaa pamoja. Mwana mkubwa alikuwa amesogea pembeni. Alikuwa ametoa simu, ameiweka sikioni, na nilimsikia akisema, "Dada, uko wapi? Ni kuhusu baba. Na mama pia."

Mzee hakuyaona hayo. Aliuchukua ufunguo mezani, akavuka chumba, akanisogelea mpaka nikaisikia harufu ya mafuta ya taa, akaunyoosha mkono kwangu.

"Shika, mwanangu. Utachelewa kazini."

Nikiupokea, mke wake amesema uongo mbele ya polisi, na mwanawe amejua kila kitu. Nikiukataa, mzee ameropoka, na mimi ni mwizi. Nyuma ya bega lake mama alikuwa anatikisa kichwa, polepole, na mpaka leo sijui alikuwa ananiambia nichukue au nisichukue.

"Mbona hushiki?" mzee akaniuliza.